Ee ya Kusikia

Vijana wa hapa Kiomboi wakinikuta kwenye benchi la jirani yangu fundi cherehani, huniamkia vizuri, shikamoo bibi karani, na nikishaitikia tu wanaleta swali lao. Ni lile lile kila wiki. "Bibi, eti ni halali kumrekodi mtu bila yeye kujua? Na askari je?" Nami huwajibu, "Eee." Wanafurahi. Wanashika simu zao na kuanza kuondoka. Nawaita warudi. "Hiyo ilikuwa ee ya kusikia," nawaambia. "Bado sijajibu."

Wengine hucheka, wengine huona nimezeeka. Basi leo naandika, ili wote mpate jibu moja na mimi nipate kupumzika na alizeti zangu.

Nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama kwa zaidi ya miaka thelathini. Kinyiramba kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kinyiramba, na Kinyaturu kidogo nilichokikuta kwa mume. Mahakama nilizofanyia kazi sizitaji. Baadhi ya mahakimu wake bado tunasalimiana, na sitaki kuharibu salamu za watu.

Nilianza nikiwa mpiga chapa. Mkalimani alikuwa Mzee Msengi, mtu mfupi, koti lake moja la kahawia, hana haraka na lolote. Ndiye aliyenitoa kwenye taipureta na kunifundisha kusimama kando ya kizimba. Alisema mkalimani ni mlango, na mlango hauonji mboga inayopita. Usiongeze chumvi, usipunguze. Shahidi akisema "mimi", nawe sema "mimi". Akitukana, tukana, tena kwa kipimo kile kile.

Kanuni hiyo karibu inikoseshe ndoa. Siku yangu ya tatu ya ukalimani mshtakiwa mmoja alikiri makosa yake kwa Kinyiramba, na mimi, kwa sauti safi ya kwaya, nikamtafsiria hakimu: "Mimi nilikunywa pombe tangu asubuhi, nikamtukana mwenyekiti wa kijiji, kisha nikalala mtaroni bila suruali." Kumbe kwenye viti vya nyuma ameketi mama mkwe wangu mtarajiwa, amekuja kusikiliza shauri la jirani yake. Hajawahi kumwona mkalimani maishani. Alitoka nje ameshika kifua. Ilibidi Mzee Msengi apande baiskeli Jumapili ile aende kwa wakwe kueleza kwamba suruali iliyopotea haikuwa yangu.

Mama mkwe alicheka baadaye, baada ya miaka kama miwili.

Lakini kuna kosa jingine ambalo sikulicheka, na ndilo lililonifundisha kazi. Alikuja mama mmoja mjane, tumwite Mama Yona. Shemeji zake walidai alikubali mwenyewe shamba la marehemu ligawanywe nusu kwa nusu. Hakimu akamwuliza swali refu, la vituo vingi, nami nikalipeleka kwake kipande kwa kipande. Kwamba siku ya matanga walikaa kikao. Eee. Kwamba wazee walisema shamba ni kubwa kwa mtu mmoja. Eee. Kwamba wewe ukaridhia kwa hiari yako. Eee. Nikageuka kwa hakimu nikasema, "Ndiyo, mheshimiwa. Anasema ndiyo." Hakimu akaandika. Mama Yona alipofungua mdomo kuanza kusema, akaambiwa inatosha, jibu limeshapatikana.

Alinifuata mlangoni. Hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa tu. "Mama," aliniuliza, "mbona hawakuniacha nijibu?"

Nusu ya shamba lake ilikwenda kwa sababu ya neno langu moja. Hakukata rufaa, hakujua kwamba anaweza, na mimi karani sikuruhusiwa kumshauri. Iliniuma, na mpaka leo nikimwona kanisani inaniuma, ingawa yeye alishanisamehe zamani. Nilipomwambia Mzee Msengi, alivua miwani akaifuta. Kisha akasema, "Neno ulilitafsiri sawa. Ulikosea wakati wake."

Ninyi mliokulia huku hamhitaji kuelezwa, lakini wenzenu wa mjini nawaeleza. Kwetu mtu akisema, haachwi aseme peke yake. Kila anapopumua, msikilizaji humwekea "eee", maana yake nipo, endelea. Usipomwekea atasimama katikati ya habari akuulize, "Uko?" Unaweza kusikiliza hivyo habari ya uongo kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kila kituo ukakiwekea eee yake, kwa sababu adabu haichagui habari. Msemaji akimaliza kabisa, ndipo unasema, "Haya, nimekusikia. Sasa na mimi niseme." Hapo ndipo jibu linapoanza. Yote yaliyotangulia yalikuwa masikio tu.

Na ee zenyewe ni mbili. Ya kukubali ni fupi na inashuka, mdomo unafunga. Ya kusikia ni ndefu na inapanda mwishoni. Mnyiramba hakosei. Mgeni anasikia moja.

Sasa turudi kwenye kurekodi, maana msidhani nimesahau.

Zamani kumrekodi mtu kwa siri ilikuwa kazi ya nguvu. Nakumbuka mfanyabiashara mmoja wa Shelui aliyetaka kuwanasa wakwe zake wakimsema. Alichukua redio kaseti kubwa, akaifunika blanketi, akaiweka chini ya kitanda cha mgeni, akabonyeza kitufe na kuondoka. Wakwe wakasema, kanda ikachukua. Ilipofika mwisho kitufe kikaruka chenyewe: ta! Mama mkwe alidhani ni nyoka. Walipoinua blanketi, ugomvi uliokuwa wa maneno ukawa wa mikono, ndipo ukaja kwetu. Kanda ilipochezwa mahakamani, tulisikia mama mkwe akisema "Huyu kijana ni bahili mno," na papo hapo kwaya ikaanza kuimba pambio, kwa sababu alirekodi juu ya kanda ya kwaya, na redio yake ilifuta nusu nusu. Hakimu aliuliza kama kwaya nayo ni mashahidi.

Leo simu inaingia mfukoni mwa shati, haina kitufe cha kuruka, na kila mtu anayo. Ndiyo maana mnaniuliza, na ndiyo maana nawasimulia habari ya Mzee Kitundu.

Mzee Kitundu alikuwa mfugaji wa kijiji kimoja cha huku Iramba, umri umekwenda, mgongo umeinama kidogo, lakini jina lake limenyooka. Watu waliweka mifugo yao kwake. Ukisafiri, ukiugua, ukifiwa, ng'ombe wako unampeleka kwa Kitundu na unawakuta wameongezeka. Siku moja walipita vijana wawili wakiswaga maksai wawili. Walisema wanakwenda mnadani, maksai mmoja anachechemea, wanaomba ng'ombe walale zizini kwake siku mbili, wao wakatafute dawa. Akawapokea. Hao vijana hawakuonekana tena. Aliyekuja ni mwenye maksai, amefuata kwato zao kutoka mbali, ameongozana na mgambo.

Kesho yake akaja askari kijana, mgeni wa mkoa wetu, kwa pikipiki, bila sare. Kituo chake sikitaji pia. Alikaribishwa kigoda, Elinipa akabandika chai. Elinipa ni binti wa mzee, mwenye kibanda cha chakula pale Shelui malori yanaposimama, na siku hiyo alikuwa amekuja nyumbani kusalimia. Yule askari hakusema nimekuja kukuhoji. Alisema, "Mzee, tupige stori tu." Simu yake ilikuwa mfuko wa kifuani, imewashwa, inanasa.

Wiki iliyofuata Mzee Kitundu akashtakiwa kwa kupokea mali ya wizi.

Kwa huku kwetu, wizi wa mifugo hauna mzaha. Alikuwa nje kwa dhamana, lakini gereza lilikuwa linamwangalia, na kwa umri wake angeingia asitoke. Lililomwumiza zaidi, Elinipa aliniambia baadaye, ni kwamba watu walianza kuja kuchukua ng'ombe wao, mmoja mmoja, kwa adabu, kila mtu na kisingizio chake. Zizi likabaki na ndama watatu.

Elinipa alikuja dirishani kwangu pale mahakamani kabla ya shauri kusikilizwa. Alinisalimu, akatazama huku na huku, akainama. "Shikamoo mama. Nina kitu kwenye simu. Siku ile askari alipokuja, mimi nilikuwa jikoni, nikawasha simu nikaiweka dirishani. Kule Shelui nimeona mengi, nikaona huyu anakuja bila sare, acha ninase. Sasa naambiwa ukimrekodi askari bila ruhusa unafungwa wewe. Nikiitoa, nitafungwa?"

Vijana, hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa ngumu. Karani hashauri upande wowote. Nilimtazama yule binti, nikamkumbuka Mama Yona mlangoni, na ulimi ulitaka kutoka wenyewe. Nikaumeza. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi hapa napokea karatasi tu. Sitakiwi hata kujua kilichomo. Wakili anayesaidia watu wasio na uwezo anakaa benchi lile, chini ya ubao wa matangazo. Yeye anaruhusiwa kukujibu." Aliangalia lile benchi, akaangalia simu yake, akaondoka. Hakwenda kwenye benchi. Aliogopa.

Siku ya shauri ikafika. Hakimu wetu wakati ule alikuwa mama mmoja wa Tanga, makini, Kiswahili chake kilitutia aibu sote. Mwendesha mashtaka akaomba sauti ichezwe. Simu ikawekwa mezani karibu na kipaza sauti, tukasikia upepo wa Singida kwanza, kama kawaida yake, kisha sauti ya askari, taratibu, kwa Kiswahili.

"Mzee, walikuja vijana wawili."

"Eee."

"Wakakuletea maksai wawili."

"Eee."

"Ukawapokea."

"Eee."

"Ukajua kabisa hawa ni wa wizi."

"Eee."

"Ukanyamaza."

"Eee."

Sauti ikakatika. Mahakama nzima ikamgeukia Mzee Kitundu, naye amesimama kizimbani anasikiliza kwa heshima, na nawaapia, hata pale alikuwa anaitikia simu chini kwa chini: eee, eee.

Hakimu akaniangalia. "Karani, mshtakiwa anasema nini hapa?"

Mwendesha mashtaka akainuka kabla yangu. "Mheshimiwa, ee haihitaji mkalimani. Hata mtoto mchanga anajua ee." Watu wakacheka, na alikuwa na haki ya kuchekesha, kwa sababu kwa masikio yake ilikuwa kweli.

Nilisimama. Nilijua nikisema "ndiyo" nitakuwa nimetafsiri neno. Nilijua pia nikisema "hapana" nitakuwa nimesema uongo, maana mzee hakusema hapana. Mlango hauonji mboga.

"Mheshimiwa," nilisema, "naomba radhi. Nina kiapo cha kutoongeza na kutopunguza. Neno hili, mahali lilipo, siwezi kulitoa kwa neno moja la Kiswahili bila kuvunja kiapo. Naomba ruhusa nieleze kwa nini."

Mwendesha mashtaka alipinga. Hakimu aliweka kalamu chini, na kwa mahakimu hiyo ni dalili nzuri. Akaniruhusu. Nikaeleza kama nilivyowaeleza ninyi hapo juu, ila kwa hofu zaidi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba sauti ichezwe tena. Safari hii alifumba macho.

"Zinapanda," alisema.

"Zinapanda, mheshimiwa."

Akamgeukia askari. "Afande, baada ya hapo mzee alijibu nini?"

Yule kijana, na hapa namheshimu, hakudanganya. "Sijui, mheshimiwa. Nilishapata nilichokitaka. Nilizima, nikawasha pikipiki, nikaondoka."

"Kabla ya kumwuliza, ulimwambia kwamba unamhoji kama mtuhumiwa? Ulimwonya kwamba halazimiki kukujibu, na kwamba atakachosema kinaweza kutumika hapa?"

"Hapana, mheshimiwa. Ilikuwa stori tu."

Shauri likaahirishwa. Nilirudi dirishani kwangu, nikawa nagonga mihuri bila kuona ninachogonga. Elinipa akapita mbele yangu. Hakusimama wala hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi chini ya ubao wa matangazo, akakaa, akatoa simu kwenye pochi.

Sasa ngojeni kidogo niwape ya kazi, kwa sababu hapa ndipo wengi wenu mnapoharibu.

Mimi si wakili, na sheria hubadilika. Lakini nimeandika majalada ya kutosha kujua mashauri huangukia wapi. Katiba yetu inalinda faragha ya mtu, ndani ya nyumba yake na kwenye mawasiliano yake, na siku hizi kuna sheria ya taarifa binafsi inayolinda hata sauti na sura ya mtu. Kunasa simu za watu wengine wanaozungumza wao kwa wao, hilo hata usilisogelee. Kumnasa mtu unayezungumza naye ni habari nyingine, na haina jibu la ndiyo au hapana kama mnavyotaka, mahakama itauliza mlikuwa wapi, kwa nini, na umeifanyia nini. Askari aliye barabarani, kazini, mbele za watu, si sawa na askari aliye sebuleni kwake na wanawe. Ukimchukua picha barabarani, simama mbali, usimzuie kazi yake, na akikuambia sogea, sogea. Kesi nyingi nilizoziona hazikuwa za kurekodi. Zilikuwa za kijana aliyebishana na kusukumana akiwa na simu mkononi.

Na kuweka mtandaoni ni kosa la peke yake linalokungoja, hata kama kunasa kwenyewe hakukuwa na shida. Ukiwa na ushahidi, upeleke kwa wakili au mahakamani, usiupeleke kwenye grupu. Usikate, usiunganishe, usiweke muziki. Sauti iache kwenye simu ile ile iliyonasa. Simu ikichukuliwa kama kielelezo, dai karatasi ya kuonyesha imechukuliwa, na isome kabla hujaweka sahihi.

Zaidi ya yote, omba. Ni neno dogo. "Naomba nikurekodi, unakubali?" Na jibu lake linase pia. Akisema ee, mwulize tena mpaka aseme nakubali, kwa sababu mnajua sasa. Naambiwa siku hizi kuna mashine za kuandika zenyewe maneno ya watu wanavyosema. Ni jambo zuri, vidole vyangu vingezishukuru. Ila natamani siku moja nizione zikiandika eee.

Basi shauri liliporudi, wakili alimsimamisha Elinipa. Mwendesha mashtaka akapinga: mheshimiwa, sauti hii imenaswa kwa siri, askari hakuridhia. Hakimu akamwuliza kwa upole, "Na ile ya kwako mzee aliridhia?" Akasema kwamba katika shauri lile kila mtu alimrekodi mwenzake kwa siri, isipokuwa yule mzee aliyekaa katikati. Zote mbili atazisikiliza, na zote mbili atazipima.

Elinipa akaulizwa maswali ya simu. Ni ya nani? Yangu. Ilikuwa wapi? Dirisha la jikoni. Umeikata popote? Hapana. Umemtumia mtu yeyote? Hapo akasita, akatazama chini. "Mheshimiwa, nilitaka kuituma kwenye grupu la ukoo. Bando likaisha." Hata hakimu alitabasamu. Mpaka leo nasema lile bando lililoisha ndilo lililomwokoa baba yake, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema sauti ile imepita mikononi mwa watu.

Ikachezwa. Tukasikia sufuria, tukasikia kuku, tukasikia maneno yale yale ya mwanzo. Ukanyamaza. Eee. Kisha yale ambayo simu ya askari haikuyapata.

"Haya mzee, ahsante sana," alisema askari.

Na sauti ya Mzee Kitundu, imebadilika, imejiweka sawa kama ya mtu anayeanza hotuba: "Haya. Nimekusikia, mwanangu. Sasa na mimi..."

Pikipiki ikanguruma, ikaondoka, ikaisha.

Yaliyofuata yalikuwa kwa Kinyiramba, na hakimu akanipa ishara. Nikatafsiri kwa "mimi", kama nilivyofundishwa.

"Kaenda?"

"Kaenda, baba."

"Kabla sijajibu?"

"Kaenda."

"Labda ana haraka. Atarudi."

"Chai yake nimwage?"

"Iache. Atarudi nimjibu."

Sauti yangu ilikatika kwenye "iache". Mkalimani haruhusiwi kulia, kwa sababu shahidi hakulia. Nilikohoa, nikaisema upya vizuri, na hakimu akajifanya anatafuta ukurasa.

Siku ya hukumu ukumbi ulijaa. Waliokuja kuchukua ng'ombe wao walikuwapo, wamekaa nyuma nyuma. Hakimu alisoma kwa muda mrefu. Alisema mahojiano yalifanyika bila onyo ambalo sheria inalitaka. Alisema sauti ya kwanza imeishia mahali ambapo jibu lilikuwa linaanza, kwa hiyo hawezi kuiita ungamo. Na bila ungamo, upande wa mashtaka haukuwa na kitu cha kuonyesha kwamba mzee alijua. Nilipeleka kila kipande kwa Kinyiramba, na kwa kila kipande Mzee Kitundu akaweka eee yake.

"Kwa hiyo mahakama inakuachia huru," alimaliza hakimu. "Umenisikia, mzee?"

"Eee."

Hakimu akainuka, na watu wakaanza kuinuka. Elinipa alikuwa analia waziwazi. Lakini mzee hakutoka kizimbani. Alibaki amesimama, mikono kwenye ubao, anamtazama hakimu.

"Mzee, uko huru," alisema hakimu. "Mbona huendi?"

Na kwa mara ya kwanza tangu shauri lianze, Mzee Kitundu hakunihitaji. Alisema kwa Kiswahili chake, taratibu, neno kwa neno. "Mheshimiwa, nilikuwa nangoja umalize. Nimekusikia. Sasa na mimi niseme."

Hakimu aliketi tena. Watu wote wakaketi.

Mzee akageuka kumtafuta yule askari kijana, akamwona pembeni ya mlango, kofia mkononi.

"Mwanangu, siku ile ulikuja kwangu ukaniuliza kama nilijua wale maksai ni wa wizi. Ukaondoka. Tukaiweka chai yako mpaka ikapoa. Jibu langu ni hapana."

Yule kijana akanyooka. Alikuwa mgeni wa mkoa, nimeshawaambia, lakini alikuwa amekaa mahakama ile siku zote za shauri, na kumbe naye alikuwa anasikiliza.

"Ee, mzee," alisema.

Ilikuwa fupi, na ilishuka. Hakimu aliniangalia, kalamu juu ya karatasi. Sikutafsiri.